Banda Lililozibwa Ndilo Linaloua Kuku

Mwishoni mwa Mei, ukungu unapoanza kuchelewa kuondoka katika mabonde ya Njombe na Makete, kusini mwa Tanzania, kazi ya aina moja huonekana ua baada ya ua. Viroba vya mbolea vinapasuliwa na kuunganishwa, nailoni inanunuliwa kwa mita, udongo unakandwa, na kila mwanya ulio kati ya banzi na banzi kwenye banda la kuku unazibwa. Mwenye uwezo anaongeza jiko la mkaa. Jioni mlango unafungwa, tambara linasukumizwa chini yake, na mwenye kuku anakwenda kulala akiamini ameikinga mali yake.

Agosti inapofika, hesabu mara nyingi haifanani na ile ya Mei. Wapo kuku waliokufa wakikoroma, wapo waliovimba macho, na waliobaki hawatagi. Sababu inayotolewa ni moja, na hutolewa bila kusita: baridi. Mwaka unaofuata viroba vinaongezwa.

Imani hii imeenea kiasi kwamba hata wauzaji wa dawa za mifugo huirudia kwa wateja wao, na inapaswa kupingwa kwa sababu inaua. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili hafi kwa baridi ya Njombe. Anauawa na unyevu, na hewa inayotoka katika kinyesi chake mwenyewe, na sumu ya jiko, na virusi ambavyo hakuna kiroba kinachoweza kuvizuia. Vitatu kati ya hivyo vinne huletwa au huzidishwa na kuziba banda.

Baridi yenyewe ipimwe kwanza. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10. Kitulo, kwenye uwanda wa mita 2,600 na zaidi, hukaribia sifuri, na asubuhi nyingine sakitu hutanda nyeupe juu ya majani. Ni baridi ya kweli. Mtoto anayetoka kwenda shule saa kumi na mbili asubuhi bila sweta anaijua. Lakini kosa linaanzia hapo hapo, pale mtu anapoipima baridi ya kuku kwa ngozi yake mwenyewe.

Ngozi ya mtu haina manyoya, na joto la mwili wake ni nyuzi 37. Kuku ana joto la nyuzi 41 hadi 42, na chini ya manyoya yake ya juu yapo manyoya laini, mafupi, yanayoshika hewa kavu. Akisikia baridi huyatutumua, na tabaka la hewa hiyo likanenepa. Akipanda kwenye fito huikalia miguu yake, hukificha kichwa chini ya bawa na kujibana na wenzake. Hata damu ya miguuni imepangwa: ile inayoshuka ikiwa na moto hupita kando ya ile inayopanda ikiwa baridi, ikaipasha kabla haijarudi mwilini, ndiyo maana joto linalopotea kupitia miguu mitupu ni dogo. Zaidi ya yote hayo, kuku mwenyewe ni tanuri. Mtetea wa kilo 2 hutoa joto la kama wati 10, usiku na mchana. Kuku 50 hutoa wati 500, bila mkaa na bila umeme. Mfugaji hana haja ya kuleta joto bandani, limo tayari. Kazi yake ni kuhakikisha manyoya yale yanabaki makavu, kwa maana unyoya uliolowa haushiki hewa, na usiposhika hewa haukingi kitu.

Wako watu waliokabili baridi kali kuliko yoyote iliyowahi kufika Makete, na inafaa kuona walifanya nini. Mwaka 1908 mtawa Wilfrid Chatelain wa monasteri ya Oka, katika jimbo la Québec nchini Kanada, alianza kuzalisha aina mpya ya kuku kwa ajili ya majira ya huko, ambako nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Kuku huyo, Chantecler, alichaguliwa kizazi baada ya kizazi ili awe na kilemba kidogo sana na ndevu ndogo sana. Chatelain alijua ni sehemu gani ya kuku inayoganda: nyama iliyo wazi kichwani, basi. Mwili uliobaki ulikuwa umevaa vya kutosha. Miaka minne baadaye, huko Massachusetts nchini Marekani, Dkt. Prince T. Woods alichapisha kitabu kuhusu mabanda ya hewa wazi kwa kila hali ya hewa. Mabanda aliyoyatetea yalikuwa na wavu mtupu upande wa mbele, uliobaki wazi katika majira ya theluji, na yalikuwa marefu kwenda nyuma ili upepo usiwafikie kuku waliolala mwisho. Hoja ya Woods ilikuwa kwamba hewa safi na ukavu ndivyo vinavyomlinda kuku, na wafugaji wa maeneo yale ya theluji waliyajenga mabanda hayo na kuyatumia.

Jibu linalotolewa hapa ni kwamba hao ni kuku wa Wazungu, na kuku wa kienyeji ni ndege wa joto. Hoja hiyo haina miguu. Kuku wote duniani, wa Québec na wa Makete, wametokana na kuku-mwitu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, sehemu ya joto na mvua. Hakuna kuku ambaye asili yake ni theluji. Mwili ni ule ule, manyoya ni yale yale. Wanaostahili kuhofiwa katika baridi ni wachache na wanajulikana kwa macho: kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya, na kidimu, ambaye manyoya yake yamejipinda na hayalali juu ya ngozi. Hao joto huwatoka upesi, na mfugaji wa nyanda za juu mwenye akili huwalaza katikati ya wenzao au hawafugi kabisa.

Sasa hesabu ya maji, ambayo ndiyo kiini cha ugomvi wote. Kuku mmoja mkubwa hunywa karibu robo lita ya maji kwa siku katika hali ya hewa isiyo ya joto. Kuku 50 hunywa lita 12 hivi. Yai moja huondoka na maji yasiyofika mililita 50, na siyo kila kuku anayetaga kila siku. Yaliyobaki yote hurudi: mengine kwa pumzi, na mengi kwa kinyesi, kwa kuwa kuku hana kibofu, na robo tatu ya kinyesi chake kibichi ni maji. Katika miezi ya baridi kuku huchelewa kutoka nje na huwahi kuingia, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji hayo humwagwa ndani ya banda. Ni kama mtu anayebeba ndoo kila jioni na kuimwaga taratibu juu ya maranda, siku 90 mfululizo, kisha akaziba kila tundu ambalo maji hayo yangetokea.

Yanakwenda wapi? Mvuke hupanda pamoja na hewa ya joto, hukuta bati lililopoa kwa baridi ya usiku, hugeuka matone, na matone hudondoka juu ya migongo ya kuku na juu ya maranda. Mfugaji anayefungua mlango alfajiri na kukuta bati linatiririka mara nyingi husema paa linavuja. Paa ni zima. Ni pumzi za kuku wake mwenyewe zinazorudi chini kama mvua. Kuku aliyekingwa na viroba analoweshwa usiku kucha, na kuku aliyelowa katika nyuzi 8 ndiye hasa anayesikia baridi.

Maranda yakilowa, kazi nyingine huanza. Vijidudu huivunjavunja asidi ya yuriki iliyo katika kinyesi na kutoa amonia, ile hewa inayochoma pua na kutoa machozi. Pua ya mtu huanza kuinusa inapofika sehemu 20 hadi 25 katika milioni za hewa, na kiwango hicho cha 25 ndicho ambacho wataalamu wa mifugo husema kisizidishwe. Kwa maneno mengine, mfugaji anapoisikia harufu, mpaka umeshafikiwa. Kibaya zaidi, pua huizoea. Mwenye banda anayeingia kila siku huacha kuisikia, wakati mgeni anarudi nyuma mlangoni. Na anayeingia hunusa akiwa amesimama, wakati kuku anavuta hewa iliyo karibu na sakafu, pale amonia inapozalishwa.

Ndani ya koo la kuku, kama la mtu, zipo nywele ndogo sana zinazosukuma nje vumbi na vijidudu. Amonia huzilemaza. Baada ya hapo, bakteria wa mafua, ambao kundi lenye hewa safi lingeweza kuishi nao bila madhara makubwa, wanapata njia wazi hadi kwenye mapafu na vifuko vya hewa. Hapo ndipo kuku wanapoanza kukoroma, kutoa kamasi na kufumba macho. Jirani anasema, "Wamepigwa na baridi." Duka la dawa linauza antibaiotiki, kuku wanapata nafuu siku tano, kisha hali inarudi, kwa sababu hewa iliyowaumiza haijabadilika. Vimelea vya kuhara damu navyo vinahitaji mambo matatu ili mayai yao yakomae na kuambukiza: unyevu, vuguvugu na oksijeni. Banda lililozibwa na kupashwa joto linavipa vyote.

Wengi hunyunyiza majivu au chokaa juu ya maranda mabichi ili kuua harufu. Nia ni njema, matokeo ni kinyume. Majivu na chokaa ni vya alikali, kinyume cha asidi, na kadiri uchachu wa asidi unavyoondolewa katika maranda, ndivyo amonia inavyoruka kwa wingi. Majivu yana mahali pake, nako ni kwenye shimo kavu la kuku kuogea vumbi na kujiondolea utitiri.

Hoja ya wanaoziba ambayo ina uzito ni ile ya ukungu. Wanauliza: hewa ya nje ya Julai imejaa maji kiasi cha kulowesha nguo kwenye kamba; ikiachwa iingie bandani, si itazidisha unyevu? Swali ni la haki, na jibu lake linapatikana katika tabia ya hewa yenyewe. Hewa baridi haiwezi kubeba maji mengi. Katika nyuzi 5, mita moja ya ujazo wa hewa, hata ikiwa imeshiba kabisa, hubeba gramu 7 hivi tu za mvuke. Katika nyuzi 10 ina uwezo wa kubeba zaidi ya gramu 9. Kwa hiyo hewa ya ukungu inayoingia bandani na kupashwa na miili ya kuku kwa nyuzi 5 tu, papo hapo inakuwa na nafasi ya kuchukua zaidi ya gramu 2 za maji kwa kila mita ya ujazo na kutoka nazo juu. Hewa baridi ya nje, hata yenye ukungu, hukausha banda ikipewa pa kuingilia na pa kutokea. Kinachotakiwa ni ukungu usipulizwe moja kwa moja juu ya kuku, na hilo ni suala la mahali pa kuweka tundu.

Zipo pia kauli za wazee, na hazipaswi kupuuzwa. Zamani kuku walilala jikoni karibu na mafiga, na hawakufa. Kwa nini jiko la leo liwe na kosa? Jiko lile la zamani lilikuwa na paa la nyasi ambalo moshi ulipenya na kutoka. Kuku walikuwa watano au sita, siyo 50. Sakafu ilikuwa ya udongo uliokaushwa na moto kila siku, na kinyesi kilifagiliwa asubuhi kabla ya chai. Kulikuwa na ukavu na njia ya hewa, na hayo mawili ndiyo yaliyowalinda. Mtu aliyechukua moto ule akauingiza katika chumba cha bati na nailoni amechukua sehemu ya hatari na kuiacha ile ya kinga.

Mkaa unaoungua katika chumba kilichozibwa hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi, Tanzania na Kenya, husikika habari za watu waliolala na jiko ndani na kukutwa asubuhi wamekufa. Ndege huathirika mapema kuliko binadamu, kwa sababu mapafu yake na vifuko vyake vya hewa huchota hewa kwa ufanisi mkubwa zaidi. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walilijua hilo na walishuka migodini na ndege wadogo aina ya kanari. Ndege akilegea, watu walitoka mbio. Desturi hiyo ilidumu hadi 1986, vyombo vya kielektroniki viliposhika nafasi. Kitu kilichotumika kuwaonya watu kwa kutangulia kufa ndicho kinachofungiwa na jiko la mkaa Makete.

Na hata jiko hilo likiacha kuua, halifanyi kazi iliyokusudiwa. Linawashwa saa moja au saa mbili usiku, wakati banda bado lina joto la mchana na kuku wameshiba. Saa ya baridi kuliko zote ni alfajiri, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, na kufikia hapo mkaa umebaki majivu. Kuku waliozoeshwa vuguvugu mwanzoni mwa usiku wanaangushwa katika baridi mwishoni mwake, wakiwa wamelowa. Kando ya hayo kuna maranda makavu, kuta za mabanzi ya msindano na kuku wanaoruka gizani. Huko Marekani, ambako wafugaji wa nyumbani hutundika taa za kutoa joto, moto wa mabanda ni balaa linalorudi kila majira ya baridi, na vikosi vya zimamoto huonya kila mwaka.

Kuhusu mdondo, ambao wengine huuita kideri, mabishano yasiwe marefu. Ugonjwa huu ndio unaofagia banda zima kwa siku chache, na ndio unaotajwa zaidi mtu anaposema "upepo wa Juni umepita na kuku." Lakini ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, mjini Newcastle nchini Uingereza, uliokuja kuupa jina lake la kigeni, na katika kisiwa cha Java, ambacho kiko nyuzi chache tu kusini mwa ikweta na nyanda zake za chini hazijui sakitu. Dar es Salaam, Tanga na Lindi, ambako watu hulala bila shuka, mdondo huua vile vile. Ni kweli kwamba virusi vyake hudumu kwa muda mrefu zaidi katika kinyesi wakati wa ubaridi. Ni kweli pia kwamba miezi hii ni ya mavuno na biashara, na kuku husafirishwa kwenye matenga kutoka mnada hadi mnada, wazima na wagonjwa pamoja. Hiyo ndiyo njia ya virusi hivyo. Huingia na kuku mpya aliyenunuliwa Jumamosi, au na viatu vya mchuuzi.

Kinga ipo. Chanjo ya I-2 ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya kuku wa vijijini, na inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida, hivyo hufika mbali pasipo na jokofu. Nchini Tanzania huzalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ni tone moja katika jicho moja, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mama anayenunua nailoni mwezi Mei na kuacha chanjo ametoa fedha kwa adui asiyekuwepo na kumwachia mlango aliyepo. Inauma, kwa sababu katika nyumba nyingi za vijijini kuku ndio akiba ya mama: ni daftari za watoto, ni sabuni, ni nauli ya kwenda hospitali. Wanaomshauri azibe banda wanamshauri aiweke akiba hiyo hatarini, na yeye ndiye anayebaki na hasara.

Kuna jambo ambalo wapinzani wa makala haya wako sahihi nalo kabisa. Vifaranga ni habari nyingine. Kifaranga wa siku moja ana manyoya ya kitoto yasiyoweza kumtunza, na wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, zikipunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki mpaka apate manyoya kamili, karibu wiki ya sita. Kifaranga huyo kweli hufa kwa baridi, tena kwa usiku mmoja. Anahitaji bruda, yaani mahali pa joto pa kulelea vifaranga. Lakini hata bruda haihitaji kuzibwa kama chupa. Wafugaji wa Kenya na Ethiopia hutumia sanduku lisilo na moto wowote: kuta zake zimejazwa nyasi kavu, juu hufunikwa kwa kitambaa kinachopitisha hewa, na vifaranga hupashana joto wao kwa wao. Kosa kubwa ni kuchukua kanuni ya kifaranga na kumvisha kuku mzima. Kuku anayebadilisha manyoya na kuku mgonjwa nao wanastahili kutengwa pakavu, pasipo upepo, mpaka wapone.

Na mayai? Ni kweli hupungua Juni na Julai. Mtetea wa mayai hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku. Baridi ikizidi, mwili hudai zaidi. Akipewa kipimo kile kile cha Januari, mwili hutangulia kujipasha, na yai huwa la mwisho katika foleni. Dawa ni kuongeza chakula, hasa konzi ya mahindi jioni, ambayo humeng'enywa usiku kucha na kutoa joto. Sababu ya pili ni mwanga. Mchana wa Juni mjini Njombe ni mfupi kuliko wa Desemba kwa kama saa moja, wakati mtetea hutaga vizuri akipata saa 14 au zaidi za mwanga. Banda lililofunikwa viroba huongeza giza juu ya upungufu huo: jua limeshachomoza nje na ndani bado ni usiku. Mfugaji amefupisha siku ya kuku wake kwa mikono yake, halafu analaumu msimu.

Imani hii haiko Njombe peke yake. Limuru na Kinangop nchini Kenya, ambako mawingu ya Julai hukaa siku nzima bila jua kuonekana, nailoni zinafungwa vile vile na kuku wanakoroma vile vile.

Tatizo moja katika mabishano haya ni neno. Watu husema "hewa" wakimaanisha upepo, na anayeambiwa afungue banda husikia kwamba kuku wapigwe na upepo. Sivyo. Upepo unaopuliza juu ya kuku aliyelala hufunua manyoya na kuondoa ile hewa kavu iliyoshikwa ndani. Huo lazima uzuiwe. Upepo wa miezi hii hutoka kusini-mashariki. Ni kusi ile ile ya mabaharia wa pwani, ikiwa imepanda mlima. Ukuta wa upande huo uzibwe kwa udongo au mabanzi yaliyobanana, kuanzia chini hadi juu. Ukuta wa upande wa pili, ule uliojificha, uzibwe mpaka juu ya vichwa vya kuku waliolala, kisha uachwe wazi chini ya upenu, tundu la sentimita 30 kwenda juu kwa urefu wote wa ukuta, likiwa na wavu. Hewa ya joto yenye mvuke hutokea hapo, na safi huingia taratibu bila kumgusa aliye kwenye fito.

Fito zenyewe ziwe chini ya tundu hilo kwa sentimita 30 au zaidi, na ziwe bapa kwa juu, upana wa sentimita 5, ili vidole vifunikwe na tumbo. Kila kuku apewe sentimita 20. Kuku 50 wanahitaji mita 10 za fito. Chini ya bati itandazwe dari ya mianzi iliyowekwa nyasi juu yake, mvuke usikutane na bati baridi. Maranda yawe na kina cha sentimita 10 hadi 15, na hapa watu wa Njombe na Mufindi wana bahati ambayo wengi hawana, kwa kuwa viwanda vya mbao vya msitu wa Sao Hill na mashamba ya jirani hutoa maranda kwa wingi. Yageuzwe kila baada ya siku chache. Kipimo chake hakihitaji chombo: chota mkononi, finya, fungua kiganja. Yakibaki donge, yamelowa na yaondolewe, yakisambaratika, yanafaa. Vyombo vya maji vitolewe nje jioni, au viwekwe juu ya wavu ili yanayomwagika yasiguse maranda.

Linabaki suala la wezi, kicheche na nguchiro, na pengine ndilo linalowafanya wengi wazibe kuliko wanavyokiri. Hofu hiyo ina sababu. Lakini kiroba hakijawahi kumzuia kicheche, na nailoni hupasuliwa kwa kisu bila kelele. Wavu wenye matundu madogo, uliopigiliwa kwa vipande vya mbao pande zote nne na kuongezewa mianzi iliyosimama kwa nje, huwazuia wote na kuacha hewa ipite. Kwa banda la mita 3 kwa 4 kazi hiyo inahitaji msumeno, misumari, mita 4 za wavu na asubuhi moja yenye jua. Chanjo ya mdondo inaweza kudondoshwa jioni ya siku hiyo hiyo, kuku wakiwa wamepanda fito na wamekwisha kutulia.